Gitaa la Fundi Milango

Mtu yeyote wa Bagamoyo anayemjua Fundi Mwishehe anamjua kwa milango. Milango ya mninga na ya mkongo, yenye maua katikati na minyororo pembeni, ambayo ukiifunga nyuma yako unajua umefunga kitu. Muziki haukuwa fani yake. Chombo pekee alichowahi kushika ni dufu la madrasa, na hilo alinyang'anywa akiwa na miaka tisa kwa sababu alilipiga kama anayegongelea msumari. Kwa hiyo, akiwa na miaka sitini na nane, aliposimama mbele ya wakwe akatamka neno gitaa, mkewe Chausiku aliacha kupakua pilau, upawa ukabaki hewani.

Siku hiyo watu wa Lugoba walikuwa wameleta mahari ya Samia, mjukuu wake. Sasa, pwani kwetu babu na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na bibi ndiye mke mkubwa. Siku ya harusi babu huketi mlangoni amenuna, anadai kanyang'anywa mke, wala hapishi mtu mpaka upande wa bwana harusi umvishe kilemba. Ni mchezo, lakini ni mchezo wenye heshima yake na siku yake.

Mzee Majaliwa, babu wa bwana harusi, mkulima mwenye sauti iliyozoea kuita watu kutoka ng'ambo ya shamba, hakuingoja siku hiyo. Alitoa kilemba mfukoni akamwekea Mwishehe mapajani.

"Chukua kabisa, mzee mwenzangu, tusije tukasumbuana mlangoni. Magoti yangu mabovu, siwezi kusimama nikikubembeleza."

Watu wakacheka. Mwishehe hakucheka. Samia aliletwa kwake akiwa na miaka miwili, mama yake Zuwena alipopata kazi Mtwara, akakulia karakanani. Kila alasiri mtoto aliposinzia juu ya rundo la maranda, babu alikuwa akipiga msasa na kumwimbia wimbo aliojitungia mwenyewe:

Msasa nenda, msasa rudi,
ubao unasinzia;
lala mke wangu mdogo,
mlango nakuchongea.

Wimbo mzima ndio huo. Ukifika mwisho unaanza tena, mpaka mtoto alale au ubao ulainike. Na mtoto huyo ndiye leo anaagwa kwa kitambaa kilichotolewa mfukoni kama andazi!

"Rudisha kilemba chako," Mwishehe alisema akiinuka. "Utanivisha siku ya harusi, nikishamuaga mke wangu. Nitamuaga kwa wimbo. Na gitaa nitapiga mwenyewe."

Neno gitaa halikuja tu kutoka hewani. Mwaka uliopita, kwenye tamasha la sanaa, alimwona mtu ameketi peke yake na gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, na kitu kilichomshika hakikuwa sauti. Kilikuwa mkono wa kulia wa yule mtu. Ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi, kama wa fundi anayepiga msasa. Tangu siku hiyo Mwishehe alikuwa akijiambia kimoyomoyo kwamba kazi ile anaiweza. Hakuwa amemwambia mtu.

Majaliwa alimkamata mkono akauinua juu watu wauone. "Gitaa? Kwa vidole hivi? Jamani, hili si shada la ndizi mzuzu? Sikiliza, Fundi. Ukipiga wimbo ukafika mwisho, mimi Majaliwa nitajifunga khanga nifagie uwanja wako mbele ya wakwe wote."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa unatoa mke bila kilemba, na mlango mmoja wa kuchonga juu yake."

"Lete mkono."

Wakapeana mikono. Harusi ilikuwa baada ya miezi minne.

Wiki hiyo hiyo Mwishehe alivaa kanzu safi akaenda Kariakoo, kwenye duka la vyombo vya muziki la kijana mmoja aitwaye Mikdad. Magitaa yalikuwa yamening'inia ukutani kama nyama buchani. Mwishehe aliyatazama kwa muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akaanza kazi. Aliteremsha moja, akaligonga mgongoni kwa fundo la kidole, akalinusa, akatazama maungio yake, akamulika tochi ya simu ndani ya tundu.

"Mzee wangu," Mikdad alisema, "unalitafutia ugonjwa?"

"Natafuta nani kaliunga."

Mikdad alimletea gitaa jepesi, rangi ya ngozi ya embe bivu, lenye shingo pana na nyuzi za plastiki. "Hili ndilo la wanaoanza. Shingo yake pana, vidole vyako vitapata nafasi. Na ubao wake mwembamba, sauti inatoka yenyewe."

Mwishehe alilipima kwa mikono miwili, akalirudisha. "Mwembamba kama biskuti. Nikilikalia je?"

"Hulikalii, mzee. Unalipiga."

"Na hizi nyuzi ni mishipi ya kuvulia changu."

Macho yake yalikuwa yameshaangukia jingine, la kahawia nzito, nyuzi za chuma, ubao mnene, zito kama mtoto wa miezi sita. Alipoligonga lilijibu *du*, kama mlango uliofungwa vizuri. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hili limetengenezwa na mtu mzima."

"Hilo sauti yake nzito kidogo, mzee. Sikufichi."

"Italegea. Mbao mpya zote zina kiburi."

Nyumbani Chausiku alimpokea mlangoni, akalitazama lile furushi lenye kiuno na shingo.

"Mke wa tatu huyo?"

"Gitaa."

"Naona. Na huyu naye atalala wapi? Mimi nimeshachoka kugawana."

Pale Dunda, mtaani kwao, alikuwako mwalimu wa chekechea, Ashatu, mama wa makamo ambaye usichana wake wote aliumaliza akipiga gitaa kwenye bendi. Alikubali kumfundisha Mwishehe kila siku baada ya watoto kwenda nyumbani. Alipolipokea gitaa lile siku ya kwanza, alipitisha kidole kwenye nyuzi, akasikiliza, akauliza, "Nani kakuchagulia?"

"Nimechagua mwenyewe."

"Ahaa," alisema Mwalimu Ashatu, na hakuongeza neno. Mwishehe aliitafakari ile ahaa njia nzima ya kurudi nyumbani.

Darasa halikuwa na kiti cha mtu mzima. Fundi aliketi kwenye kiti chekundu cha mtoto wa miaka mitano, magoti yakimfika kidevuni, juu ya kichwa chake picha ya bata na herufi B. Mkono wake wa kulia haukumpa mwalimu taabu hata siku moja. Ulikwenda na kurudi kwa mapigo yasiyoyumba, na Mwalimu Ashatu alikiri hajawahi kuona mwanafunzi wa namna hiyo. Taabu ilikuwa kushoto. Wenzake wanaoanza hulia kwamba nyuzi zinawakata vidole. Yeye vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi miaka arobaini nyuma, havikusikia maumivu, lakini pia havikusikia uzi. Akibana mmoja, anabana miwili. Gitaa likatoa sauti ya kuku aliyekanyagwa.

"Simamisha kidole, mzee wangu. Ncha tu. Usikilaze."

"Kimezoea kulala, Mwalimu. Kina umri wangu."

"Basi kiamshe. Watoto wangu nao hawapendi kuamka."

Wimbo wenyewe haukuhitaji mengi. Mwalimu aliusikiliza mara mbili akasema mikao miwili ya vidole itatosha: mmoja wa kuanzia, mmoja wa katikati, halafu unarudi kwa wa kwanza. Mikao miwili! Mwishehe, aliyewahi kuchonga maua sitini na nne kwenye fremu moja, alitumia wiki saba kuhama kutoka mkao mmoja kwenda mwingine bila kusimama njiani kama mtu aliyesahau alichokuwa anakwenda kuchukua. Siku alipofanikiwa, Mwalimu Ashatu alimshika mkono na kumchorea nyota ya kalamu nyekundu mgongoni mwa kiganja, kama anavyowafanyia watoto wake.

Mwishehe alirudi nyumbani mkono wa kushoto ukiwa mbele kidogo ya mwingine.

"Nini hicho?" Chausiku aliuliza.

"Nyota."

"Ya nini?"

"Nimehama vizuri."

Chausiku alicheka mpaka akakaa chini. Lakini baadaye, wakati wa magharibi, alimwona mumewe anatawadha na kuupitisha maji mgongo wa kiganja taratibu sana, na akageuza uso asimwaibishe. Nyota ilidumu udhu tatu.

Zikawa zimebaki siku kumi. Wimbo ulikuwa unakwenda mpaka mwisho mara mbili kati ya tatu, na Mwishehe akaanza kuwa na muda wa kulitazama gitaa lenyewe. Hakupenda alichokiona. Ubao ulikuwa umepakwa kitu chembamba, kama kupakwa kwa mate. Na mawingu ya mvua za vuli yalikuwa yameanza kujikusanya baharini. Kwa miaka arobaini alikuwa akiwaambia wateja wake jambo moja: ubao wowote ukikaa Bagamoyo bila kinga, unyevu utaupinda. Angewezaje kuketi mbele ya watu wa Lugoba na ubao ulio uchi?

Akalifungua nyuzi. Akalipaka vanishi ya milango ya nje, mikono mitatu, kila mkono akiungoja ukauke. Lilipomalizika liling'aa hata Chausiku alijiona uso ndani yake, akarekebisha ushungi.

Alirudisha nyuzi, akalipeleka chekechea likiwa limefunikwa kwa kitambaa, akalifunua kama anayefunua sinia la biriani. Mwalimu Ashatu alilitazama. Akapiga nyuzi zote mara moja. Ilitoka sauti ya mtu anayeongea ndani ya blanketi.

"Umelifanyia nini, mzee wangu?"

"Nimelitunza."

"Mikono mingapi?"

"Mitatu."

Mwalimu alivuta pumzi. "Fundi, gitaa si mlango. Mlango kazi yake kuzuia. Hili linatakiwa litetemeke. Ubao wake ulikuwa mnene tangu mwanzo, nilinyamaza kwa sababu ulikuja nao umeukumbatia. Sasa umeuongezea koti la mvua." Aliinuka akachukua gitaa lake mwenyewe kabatini, jepesi, la shingo pana. "Chukua langu. Hakuna atakayejua."

Mwishehe alilipokea. Alijaribu wimbo, na kweli, sauti ilitoka yenyewe, kama alivyosema Mikdad. Akapiga mara moja, akaliweka juu ya meza ndogo ya watoto.

"Nilisema nitapiga mwenyewe, Mwalimu. Nikipiga hili, ni mkono wako na wangu."

"Na Majaliwa je? Utampa mlango kwa ajili ya neno?"

"Majaliwa nitampa milango miwili, akitaka. Samia ndiye siwezi kumpa sauti ya kuazima." Alivaa kofia yake. "Alilala juu ya maranda yangu yule, hakulala juu ya maranda ya mtu mwingine."

Siku mbili hakutokea darasani. Siku ya tatu Mwalimu Ashatu alimfuata karakanani. Alimkuta ameketi chini, gitaa halina nyuzi, mapajani kama mgonjwa, na mkono wa kulia unakwenda na kurudi na msasa. Vanishi yote ilikuwa imeshatoka. Lakini mkono haukusimama.

"Mungu wangu, Fundi! Utalitoboa!"

"Karibu, Mwalimu. Kaa kwenye kigoda." Alimwonyesha kigoda kilichobakia, kifupi, cha mguu mmoja mbovu. "Leo darasani kwangu."

Mwalimu akaketi, magoti yakamfika kidevuni. Mwishehe aligonga ubao wa mbele kwa fundo la kidole, juu ya kidaraja kinachoshika nyuzi. *Dum.* Akagonga pembeni, upande wa kushoto. *Du.*

"Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Pale kwanza kumeamka, hapa pembeni kumelala. Mlango ukitaka kujua kama una uvimbe ndani, unaugonga hivi. Mimi kwa kugonga najua hata mchwa amelala chumba gani. Nilikuwa na sikio siku zote, Mwalimu, ila nililitumia kutafutia ugonjwa tu, sikulitumia kutafutia uzima." Alipitisha msasa mara kumi pale palipolala, akapuliza vumbi, akagonga tena. *Dum.* "Haya, sasa gonga wewe. Usilaze kidole."

Mwalimu Ashatu akagonga, akacheka, akagonga tena. Alikaa mpaka alasiri, akionyesha anapodhani pamelala, akipatia pengine na kukosea pengine, na Mwishehe akimrudi bila huruma. Waliporudisha nyuzi na kuzikaza, mwalimu ndiye aliyepewa kupiga kwanza. Gitaa lilijibu. Halikuwa na sauti nyororo kama la kwake. Lilikuwa na sauti kavu, ya ukakasi kidogo, kama mzee anayesema kweli. Lakini lilisikika mpaka jikoni, kwa maana Chausiku alitokea na mwiko mkononi.

"Huyo nani anaongea?"

"Mke wa tatu," alijibu Mwishehe.

Harusi ilifungwa siku ya Ijumaa baada ya sala. Sheikh alikuwa ameshakula pilau ameshaondoka, bwana harusi Ridhiwani alikuwa amesimama uwanjani na koti lake jipya akitoka jasho, na Samia alikuwa ndani na wanawake, nyuma ya mlango ambao babu yake aliuchonga mwaka aliooa. Mbele ya mlango huo, kwenye kizingiti, ameketi Mwishehe na gitaa lake lisilong'aa.

Mzee Majaliwa alifika na kilemba juu ya sinia, safari hii kimekunjwa vizuri. "Fundi, gitaa lenyewe ndilo hilo? Mbona limechujuka? Limeugua surua?"

"Umeleta khanga?"

"Ya nini? Mimi nimekuja na tepu ya kupimia mlango wangu."

Watu wakaangua kicheko, kisha wakanyamaza. Mwishehe aliweka vidole kwenye mkao wa kwanza. Mkono wa kulia ukaanza, nenda, rudi, nenda, rudi. Akaimba kwa sauti yake ya kawaida, ile ya karakanani, si kubwa. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Alipofika "lala mke wangu mdogo" ndipo ilipompata kwamba leo hamlazi. Leo anamwamsha aende. Vidole vya kushoto vikapotea njia. Akaacha kuimba.

Watu walimwona ameinamisha kichwa. Majaliwa mwenyewe aliacha kutabasamu. Lakini mkono wa kulia wa Fundi Mwishehe haukujua kusimama. Tangu lini msasa umesimama katikati ya ubao? Ulikwenda na kurudi juu ya nyuzi zisizobanwa vizuri, na sauti iliyotoka haikuwa ya gitaa tena. Ilikuwa *shaa, shaa, shaa*, ile ile ya alasiri za karakanani.

Nyuma ya mlango, sauti ya Samia ikauchukua mstari:

"... mlango nakuchongea."

Akaurudia wimbo tangu mwanzo, peke yake. Mwishehe alisubiri ubeti uzunguke, kama mtu anayesubiri kamba ya kurukia. Kidole kimoja kikasimama. Cha pili kikasimama. Mkao wa kwanza ukapatikana, wa katikati ukafuata, na babu na mjukuu, mmoja huku na mmoja kule, ubao katikati yao, wakaupeleka wimbo mpaka mwisho. Vigelegele vikapasuka ndani ya nyumba hata kuku wa jirani wakakimbia.

Majaliwa akaweka sinia chini, akamvisha Mwishehe kilemba, akakinyoosha vizuri pande zote mbili. "Chausiku!" akaita kwa ile sauti ya shambani. "Bibi wewe, niazime khanga. Na ufagio uwe mpya, nisije nikadhalilika mara mbili."

Alifagia uwanja wote, kutoka mlangoni mpaka barabarani, khanga kiunoni, akicheza kidogo kila alipogeuka, na akina mama wakimtunza kama bibi harusi. Magoti yake siku hiyo hayakuwa na ubovu wowote. Aliporudisha ufagio alilisogelea gitaa, akaligonga kwa fundo la kidole.

"Ubao gani huu?"

"Wa kawaida tu. Ulivaa nguo nyingi."

Mlango ukafunguliwa. Samia alitoka, akapiga goti mbele ya babu yake, akamshika ule mkono wa kushoto, vidole vyenye mistari ya nyuzi, akaubusu. Mwishehe aliinuka kutoka kizingitini, akasogea pembeni, na njia ikawa wazi.

Kesho yake alasiri nyumba ilikuwa na ule ukimya wa baada ya shughuli. Masufuria ya kuazima yalikuwa yamepangwa ukutani yakingoja wenyewe. Mwishehe aliketi karakanani hana alichokishika. Gitaa lilikuwa limetundikwa juu ya msumari, kati ya msumeno na skwea.

Chausiku aliingia na vikombe viwili vya chai. Alivuta kigoda cha mguu mbovu, akaketi.

"Haya, mume wangu. Mke mdogo ameshakwenda kwao. Mke mkubwa nimekaa miezi minne nasikiliza wimbo wa mwenzangu. Zamu yangu lini?"

"Chausiku, mimi najua huo mmoja tu."

"Kwani Mwalimu Ashatu amefunga shule?"

Mwishehe alilitazama gitaa, akaitazama chai, akamtazama mkewe. Akainuka, akalitungua, akaligonga kidogo kifuani kulisikia kama liko macho.

"Shule hajafunga," alisema. "Lakini wewe wimbo wako mgumu. Utataka mikao mitatu."